Ile "hasira kuu" ya 2 Wafalme 3:27: ya Mungu, ya watu, au ya Kemoshi?

Fundi Saa:
Wakuu, tujadili bila matusi. Mesha, mfalme wa Moabu, alikuwa akilipa kodi kwa Israeli: wana-kondoo laki moja, na sufu ya kondoo dume laki moja. Ahabu alipokufa, akagoma. Yehoramu wa Israeli akaungana na Yehoshafati wa Yuda na mfalme wa Edomu, wakamvamia. Nabii Elisha alikuwa ameshawaambia kwamba Bwana atawatia Wamoabu mikononi mwao. Wakabomoa miji, wakajaza mawe mashambani, wakaziba chemchemi, wakakata miti. Ukabaki mji mmoja, Kir-haresethi. Mesha akajaribu kupenya na watu 700 wenye panga, ikashindikana. Ndipo akamtwaa mwanawe wa kwanza, mrithi wa kiti, akamteketeza juu ya ukuta.

Kisha tunaambiwa ikawa hasira kuu juu ya Israeli, wakaondoka, wakarudi kwao. Sura imeisha hapo. Hasira ya nani? Mwandishi hasemi.

Msimamo wangu: aliyekisimulia kisa hiki mwanzoni alimaanisha hasira ya Kemoshi, mungu wa Moabu. Sisemi Kemoshi yupo. Nasema watu wa karne ya 9 kabla ya Kristo, Waisraeli wakiwemo, waliona kila nchi ina mwenyewe, na jeshi lile lilikuwa ugenini. Someni Waamuzi 11:24. Yeftha anamuuliza mfalme wa Waamoni: si utamiliki kile ambacho mungu wako Kemoshi amekupa? Na huyo ni mwamuzi wa Israeli.

Mama Neema:
Mwanangu, Yeftha alikuwa anabishana na mpagani kwa lugha ya mpagani. Hiyo si imani yake. Na mstari wa 27 hausemi sadaka ile ilitolewa kwa Kemoshi. Jina hilo umeliingiza wewe. Hasira ni ya Mungu. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza kukata miti ya matunda mnapozingira mji. Wao walikata kila mti mzuri.

Fundi Saa:
Mama, hoja ya miti nimeipenda, ila katika 2 Wafalme 3 hiihii, mstari wa 19, ni Elisha mwenyewe anawaambia watakata kila mti mzuri. Mungu awaambie kwa kinywa cha nabii, kisha awakasirikie?

Mama Neema:
Kutabiri si kuagiza. Yesu alimtabiria Petro atamkana. Alimtuma?

Mzee wa Kabati la Vitabu:
Mnavutana watu wawili wakati njia zipo nyingine. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anasema wafalme wale waliingiwa na huruma ya kibinadamu walipoona baba amefikishwa pale, wakaacha kuuzingira mji. Rabi Daudi Kimhi wa zama za kati akaja na nyingine: aliyechomwa ni mwana wa mfalme wa Edomu, akiunganisha na Amosi 2:1, Moabu kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Kwa hiyo waliokasirika ni Waedomu, muungano ukavunjika. Ya Kimhi naona ni werevu uliopitiliza, maana Amosi anataja mifupa ya mfalme, si mtoto aliye hai. Lakini ya Yosefo ina utu. Askari naye ana watoto nyumbani.

Fundi Saa:
Mzee, shikamoo. Huruma haiitwi hasira kuu. Na Yosefo alikuwa anawaandikia Warumi, lazima aitengeneze ieleweke kwao.

Kijana wa Rabai:
Mbona hakuna aliyetaja jiwe? Mesha huyuhuyu ametuachia maandishi yake. Mwaka 1868 mmisionari Frederick Augustus Klein alionyeshwa jiwe jeusi pale Dhiban, Yordani ya leo. (Alikuwa wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, kilekile cha mmisionari Rebmann, ambaye wakati huo alikuwa bado huku kwetu Rabai, pwani ya Kenya.) Wazungu na Waturuki wakaanza kuligombania, mabedui wakaona heri walivunje: wakalipasha moto, wakalimwagia maji baridi, likapasuka. Bahati nzuri Clermont-Ganneau, Mfaransa mtaalamu wa mambo ya kale, alikuwa ameshapata chapa ya maandishi hayo kwenye karatasi. Vipande viliungwa, liko Louvre, Paris.

Sasa sikilizeni Mesha anavyosema. Omri mfalme wa Israeli aliitesa Moabu siku nyingi *kwa kuwa Kemoshi aliikasirikia nchi yake*. Kisha Kemoshi anamwambia, nenda ukautwae mji wa Nebo kutoka kwa Israeli. Anaenda usiku, anapigana toka alfajiri hadi adhuhuri, anaua watu 7,000, anabeba vyombo vya Yahwe na kuviburuta mbele ya Kemoshi. Badilisha majina hapo, utadhani unasoma Yoshua.

Fundi Saa:
Asante sana kijana. Kumbe kwa Mesha mwenyewe, kushindwa ni hasira ya mungu wako juu ya nchi yako. Sasa angalia ukutani: anatoa mrithi, na hasira inahamia Israeli. Kisa kinaeleweka kikamilifu kwa akili ya Kimoabu.

Mama Neema:
Kinaeleweka kwa akili ya Kimoabu, na mwandishi ni Myahudi! Halafu kwa nini jiwe halimtaji huyo mtoto? Mtu amtoe mrithi wake, mungu wake amjibu, kisha aandike habari za kuchimba visima majumbani katika mji wa Qarho, asahau hilo?

Kijana wa Rabai:
Sehemu ya chini ya jiwe imepotea, mama. Ila nakubali, hilo lingeandikwa juu kabisa.

Mama Neema:
Na kuna hili. Mwandishi huyu wa Wafalme ndiye anamwita Kemoshi chukizo la Moabu. Anamshutumu Sulemani kwa kumjengea mahali pa juu mlimani kuikabili Yerusalemu (1 Wafalme 11:7), na anafurahia mfalme Yosia wa Yuda akipanajisi miaka kama 300 baadaye. Mtu huyo ndiye amwachie Kemoshi ushindi kimyakimya?

Fundi Saa:
Ndiyo maana jina halipo, mama. Alipokea kisa cha zamani ambacho watu walikijua, hakuweza kukifuta, akaondoa jina tu. Angekuwa anamaanisha hasira ya Bwana, nini kilimzuia kuandika "hasira ya Bwana" kama anavyoandika kwingine?

Mama Neema:
Nami nakuuliza: nionyeshe mahali pengine katika vitabu hivyo viwili vya Wafalme ambapo mungu wa kigeni anashinda na mwandishi hamkemei. Mahali pamoja tu.

Fundi Saa:
Katika Wafalme sina, mama. Ninapo hapohapo tu, 3:27.