MP3 ya 128, ya 320 au FLAC: nani kweli anasikia tofauti?

Pwani_Kanuni:
Wadau, habari za jioni. Nina CD 40 za taarabu, kila moja kama saa nzima, nataka kuziingiza kwenye simu. Nafasi iliyobaki ni GB 8. Wimbo wa dakika tano ukiwa MP3 ya 128 (kilobiti kwa sekunde) unakula karibu MB 5, ya 320 ni MB 12, FLAC, inayobana bila kupoteza sauti yoyote, inafika 30 hivi. Sikio linajua tofauti?

Fundi_Spika:
Kaka, tofauti ya 128 inasikika, hasa kwenye kanuni, ile ala ya nyuzi. MP3 huikata sauti vipande vifupi, na makosa ya kubana husambaa kipande kizima. Uzi ukidonolewa ghafla, unasikia mchakacho mdogo unaotangulia mdonoo wenyewe. Matoazi na makofi ya watazamaji nayo huvurugika.

Mzee_wa_FLAC:
Mimi FLAC tu. Hata 320 naisikia imebanwa, haipumui.

Dada_Sikio:
Shikamoo mzee. Umepima bila kuona jina la faili? Nami nilikuwa na msimamo huohuo. Foobar2000, programu ya kucheza muziki kwenye kompyuta, ina kiongezi cha kipimo cha ABX: unasikiliza A, unasikiliza B, kisha X ambayo ni mojawapo ya hizo, useme X ni ipi. Rudia mara 16. Ukibahatisha tu utapata kama 8. Kuanzia 12 ndipo matokeo yanaaminika. Kwa 128 nilipata 14. Kwa 320 nikapata 9, na roho iliniuma. Faili zote zitoke kwenye CD ileile, na usawazishe ukubwa wa sauti, maana iliyo juu kidogo tu huonekana tamu zaidi.

Mzee_wa_FLAC:
Marahaba binti. Nimejaribu usiku kucha: 10 kati ya 16. Kwa 320 nimekubali. Ila FLAC zangu za kwenye kompyuta sizifuti, kwa sababu hazijapoteza chochote cha CD. Kesho ukitaka kugeuza kuwa AAC au Opus, aina nyingine za kubana, unaanza na nakala kamili. MP3 ukiibana tena, hasara inaongezeka juu ya hasara.

Fundi_Spika:
Hapo umenena, mzee. Nyimbo nyingi tunazorushiana zimeshabanwa mara tatu nne, halafu tunalaumu spika.

Pwani_Kanuni:
Asanteni sana. FLAC zitakaa kwenye diski ya nje, 320 kwenye simu. Nimepiga hesabu, ni GB 5.8, zinaingia. Naanza na za Culture Musical Club. Dada, leo usiku najipima kwa kipande cha kanuni peke yake, nitaleta matokeo.