Mtaji au maarifa: fedha za kuinua biashara ndogo ziende wapi?

Mleta mada: Wadau, kila bajeti wimbo ni ule ule: wenye biashara ndogo wakopeshwe. Naona tunakosea. Asiyejua bidhaa gani inamlipa, ukimpa mkopo anaongeza mzigo ule ule uliomdodea. Afundishwe kwanza.

Mchangiaji 1: Napinga, mkuu. Biashara inayokua ndiyo inayoishiwa fedha. Mtu ananunua mzigo kwa taslimu 800, anauuza 1,000 kwa malipo ya baada ya siku 30. Oda zikiongezeka maradufu anatakiwa atoe 1,600 leo, na mkononi ana 1,000 za mwezi uliopita. Pengo ni 600, pango na mishahara bado. Semina italeta hiyo 600?

Mchangiaji 2: Inaweza. Akidai malipo ya awali ya asilimia 30 kwenye oda ya 2,000, 600 hiyo hapo. Mnunuzi mkubwa atagoma, sawa, na hapo mkopo wa muda mfupi una kazi. Ila wengi hawajaribu hata kuomba. Wanakimbilia kushusha bei. Kwa hesabu yako, punguzo la asilimia 10 linakula nusu ya faida ghafi: inabaki 100 badala ya 200. Lazima auze mara mbili ili arudi pale pale, na mzigo wa mara mbili unadai mtaji mwingine!

Mchangiaji 3: Mafunzo yapi lakini? Utafiti wa Togo uliotoka mwaka 2017 uliwagawa wajasiriamali wadogo 1,500 makundi matatu. Waliofundishwa kuwa wabunifu, kutafuta fursa na kutosubiri kusukumwa, faida yao ilipanda kwa asilimia 30 kuliko wasiofundishwa. Mafunzo ya kawaida ya uhasibu na masoko yalileta asilimia 11, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Kwa hiyo vyeti vya semina visitudanganye.

Mleta mada: Nakubali, ila daftari lisidharauliwe. Orodhesha bidhaa 10, zidisha faida ya kila moja kwa idadi iliyotoka mwezi huo. Mara nyingi yenye faida nono kwa kipande inashindwa na ndogo inayotoka kila siku. Na mwenye biashara ajilipe kiasi maalumu. Akichota droo hovyo, hesabu yote hiyo ni bure.

Mchangiaji 1: Hilo la droo sibishi. Basi mkopo utolewe kwa anayeonyesha daftari la miezi mitatu, badala ya dhamana ya nyumba. Nani anapinga?