Kicheza vitabu chenye vitufe au simu yenye kisoma skrini: kipi kwa kusikiliza kupitia Wi-Fi?

Msikivu77
Wakuu, habari za saa hizi. Macho yangu yalizima kabisa mwaka jana, na sasa siku yangu inaendeshwa na redio za mtandaoni, podikasti na vitabu vya sauti. Nyumbani Wi-Fi ipo. Nataka kifaa cha mfukoni ambacho mkono utakizoea hadi nisihitaji kukifikiria. Rafiki ananiachia Victor Reader Stream ya HumanWare, kicheza vitabu cha vitufe kwa wasioona, toleo la pili, lile la 2013. Wapo wanaoniambia nisubiri nipate toleo la tatu la 2023. Wengine wanasema simu yangu inatosha, nikae tu nijifunze kisoma skrini, ile programu inayotamka kilicho kwenye kioo. Naomba uzoefu wa waliovitumia kwa mikono yao.

Bi_Tumaini
Pole kwa yaliyokupata, ndugu yangu, na karibu. Mimi nasema chukua hiyo Stream bila kusita. Ile ya kwanza ya 2007 haikuwa na Wi-Fi kabisa, ulikuwa unapakia kila kitu kwa kompyuta. Ya pili ndiyo iliyofungua mlango. Kitufe kilicho juu ya 2 kinakuhamisha kutoka rafu za vitabu vilivyo kwenye kadi ya kumbukumbu kwenda rafu za mtandaoni, na ukikibana kwa muda kinazima au kuwasha mawasiliano yote. Tarakimu zina vitufe vya kweli vinavyopapaswa, si kioo kitupu. Na vitabu vya DAISY, muundo wa vitabu vya sauti vilivyogawanywa kwa ajili ya wasioona, unaviruka kwa sura, kwa ukurasa, kwa alama uliyoiweka mwenyewe. Mtu ambaye ndiyo kwanza macho yamezima ana mengi ya kujifunza kwa mpigo, kwa hiyo asiongezewe kioo.

Jambo la kukutayarisha ni nenosiri la Wi-Fi. Unaliandika kama tulivyoandika ujumbe kwenye simu za zamani, 2 mara tatu upate C, na herufi kubwa na ndogo lazima ziwe sawasawa. Tenga muda, kaa sehemu tulivu. Ni kazi ya mara moja, kisha kifaa kinaukumbuka mtandao.

Kipepeo
Dada Tumaini, kwa heshima zote, sikubaliani. iPhone ina kisoma skrini chake, VoiceOver, tangu 3GS ya 2009, na Android nayo ina chake, TalkBack. Kwenye iPhone gonga mara mbili kwa vidole viwili popote kwenye skrini, redio inasimama. Gonga tena, inaendelea. Hutafuti kitufe. Funga pazia la skrini, yaani kioo kiwe cheusi huku simu ikiendelea kusema, betri inapumua. Podikasti, redio, vitabu, vyote kwenye kifaa kimoja ambacho tayari kiko mfukoni.

Kuna la pili ambalo watu hawalisemi. Redio nyingi zimehamia kwenye viungo vya HTTPS, vile vilivyofungwa kwa usalama, na mtindo wa kurusha sauti kwa vipande vidogo unaoitwa HLS. Kicheza vitabu ambacho programu yake ya ndani haisasishwi tena kinapoteza stesheni moja baada ya nyingine. Muulize rafiki yako kama chake kimesasishwa hadi mwisho.

Fundi_Sauti
Ngoja niingie kwenye mtandao wenyewe, maana kesi nyingi ninazosaidia huishia hapo na kifaa kinalaumiwa bure.

Vicheza vya umri ule vingi vinashika masafa ya 2.4 GHz peke yake. Si ubaya, masafa hayo yanapenya kuta vizuri kuliko 5 GHz. Ila kama ruta yako inarusha 5 GHz tu, kifaa kitakuambia hakuna mtandao na utadhani kimekufa. Toleo la tatu la Stream linashika yote mawili, tena lina Bluetooth ndani.

Mtego huohuo uko kwenye simu ukiitumia kugawa intaneti. iPhone kuanzia 12 hugawa kwa 5 GHz isipokuwa umewasha swichi ya kuongeza ulinganifu na vifaa vingine, ipo palepale penye mipangilio ya kugawa mtandao. Iwashe, kicheza kitaiona simu papo hapo.

Hotelini, hospitalini, viwanja vya ndege: ule mtandao unaofungua kwanza ukurasa wa kukubali masharti hautafanya kazi kwenye kicheza kisicho na kivinjari. Huna pa kubonyeza "nakubali". Hapo simu inashinda moja kwa moja, au simu igawe intaneti yake kwa kicheza.

Na hesabu ya data, kwa wanaolipia kila megabaiti: redio ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa, ya 128 inakula karibu 58. Ukisikiliza saa tatu kwa siku kwa 64, mwezi unafika GB 2.6. Podikasti pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Usistrimu kitu ambacho hakirushwi mubashara, maana ukihama chumba kinakatika katikati ya sentensi.

Bi_Tumaini
Kipepeo, hoja ya stesheni kupotea nimeikubali, hata mimi mbili zangu zimekwenda. Lakini simu inaita. Uko katikati ya sura, mtu anapiga, arifa zinaingia, kisoma skrini kinasema juu ya msomaji wa kitabu. Kicheza hakina mwingine wa kukiita.

Mzee_Mawimbi
Vijana mmesahau masikio. Bluetooth ina kuchelewa. Kwenye muziki hutahisi, ila kisoma skrini kikitamka neno moja fupi, visikizi vilivyokuwa vimesinzia vinameza mwanzo wake. Unasikia "ma" badala ya "simama". Kwa kuchapa na kutembea ndani ya menyu, tumia waya. Bluetooth iachie kitabu kirefu.

Na ukitoka nje, Msikivu, usizibe masikio. Kwetu sisi ndiyo macho ya barabarani. Tafuta visikizi vinavyopitisha sauti kwa mfupa wa shavu, masikio yabaki wazi usikie gari na fimbo yako ikigonga ukingo. Hata hivyo mimi nikifika njia panda nasimamisha kila kitu.

Kipepeo
Hilo la Mzee sibishani nalo. Pazia, vidole viwili, vyote vikae pembeni mbele ya barabara.

Msikivu77
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Stream imefika juzi. Nenosiri lilinichukua majaribio manne, kosa lilikuwa herufi kubwa moja. Ruta ya nyumbani iliikubali, lakini mtandao wa simu haukuonekana hadi nilipowasha ile swichi ya Fundi, nikasikia jina la simu yangu likitamkwa. Nilifurahi kupita kiasi.

Nimeamua hivi. Ndani, Stream kwa waya. Stesheni zangu nne, tatu zinashika, ya nne naisikiliza kwa simu. Nje simu, sikio wazi, na podikasti zilizopakuliwa tayari. Toleo la tatu nitaliwazia hii ikichoka. Jana niliipa saa ya kujizima, nikalala na redio, sikumbuki ilinyamaza saa ngapi.

Bi_Tumaini
Usisahau kunakili alama za vitabu vyako kabla ya kubadilisha kadi.