Ini lenye mafuta na melatonini ya miligramu 10: aendelee au aongeze?

Mto_Enyau
Salaam wakubwa. Naomba ushauri juu ya kaka yangu, miaka 47, mlinzi wa zamu ya usiku hapa Arua. Wiki mbili zilizopita alipimwa: vimeng'enya vya ini ALT 71 na AST 58, chembe sahani za damu elfu 142. Picha ya tumbo ikasema ini lina mafuta, daraja la kwanza. Pombe hanywi. Nimesoma kwamba melatonini, homoni ya usingizi, hupunguza mafuta ya ini, na kwa kuwa usingizi wake wa mchana ni wa kukatikakatika, tumemwagizia chupa mbili kutoka Kampala, vidonge vya miligramu 10. Anameza kimoja saa mbili asubuhi akishakula. Swali langu ni hili: abaki kwenye 10 au apande hadi 20 ili mafuta yatoke upesi? Tafadhali, nina wasiwasi sana.

Dawa_Kwa_Kipimo
Asipande. Melatonini hutengenezwa na tezi ya pineali giza likiingia, na ini ndilo huivunja, hasa kwa kimeng'enya CYP1A2. Ini lenye afya huondoa nusu ya iliyomo katika damu kwa dakika 40 hadi 50 hivi. Ini lenye makovu mengi huchelewa kuiondoa, dawa hulimbikana, mtu huamka kichwa kizito na kushinda anasinzia. Kwa mlinzi hilo ni hatari. Kwa usingizi, kipimo cha nusu miligramu hadi 3 huwatosha wengi.

Tena kuna dawa zisizopatana nayo. Siprofloksasini, ile ya mkojo na ya kuhara, huzuia kimeng'enya hicho hicho na kuipandisha melatonini. Kwa wanaomeza nifedipini imeonekana kupandisha presha. Anayetumia warfarini anaweza kutokwa damu. Kaka yako anameza dawa gani nyingine?

Mto_Enyau
Asante. Presha hana, sukari hana. Hakuna dawa ya kutaja.

Sahani_Moja
Mimi nitazungumzia chakula, maana mafuta ya ini hutokea huko. Ana kilo ngapi? Tuseme 88. Akipunguza asilimia 5 mafuta huanza kuondoka. Akifikia asilimia 7 hadi 10, yaani kilo 6 hadi 9, uvimbe wa ini nao hutulia. Aende polepole, nusu kilo kwa wiki au moja. Chai aweke bila sukari, soda aache kabisa, posho (ugali) iwe robo ya sahani, mboga ya dodo (mchicha) na maharage vijaze nusu. Chapati la mayai la njiani asubuhi lisiwe la kila siku.

Na kuimeza saa mbili asubuhi, mara tu akishakula, kumekaa vibaya. Melatonini ikiwa juu, kongosho hutoa insulini kidogo, sukari ya mlo hukaa kwenye damu muda mrefu. Hispania walilipima jambo hili kwa watu wazima 845, matokeo yakatoka 2022: waliopewa sukari karibu na saa ya kulala, melatonini yao ikiwa imeshapanda, sukari yao ilipanda zaidi, hasa wenye aina fulani ya MTNR1B, jeni la kipokezi cha melatonini. Kati ya chakula na kidonge zipite saa mbili au tatu.

Pima_Kwanza
Hiyo habari kwamba hupunguza mafuta ina chanzo cha kweli, ila imerefushwa. Panya waliolishwa mafuta mengi wakapewa melatonini, maini yao yalipona kiasi. Kwa binadamu yapo majaribio madogo: Poland walitoa miligramu 5 mara mbili kwa siku, Iran miligramu 6 kwa siku, na vimeng'enya vya ini vikashuka. Lakini kinachoamua maisha ya mgonjwa ni makovu, na wiki 12 hadi 24 hazitoshi kuonyesha kitu juu ya makovu. Hakuna aliyethibitisha kwamba 20 inashinda 6.

Chupa zenyewe pia zitazame kwa makini. Kanada mwaka 2017 walipima bidhaa 31 za melatonini: nyingine zilikuwa na pungufu ya asilimia 83 ya kilichoandikwa, nyingine zikazidi kwa asilimia 478, na katika zaidi ya robo wakakuta serotonini ambayo haikuandikwa popote. Kidonge unachokiita 10 hujui ni ngapi.

Mama_Koboko
Mwanangu, umesema hanywi. Pombe ya kwete je? Waragi ya baridi ya usiku zamuni je? Simshutumu kaka yako, lakini familia nyingi huficha kikombe, kisha daktari anatibu asichokijua. Mwambieni daktari yote.

Mto_Enyau
Mama, hanywi kweli. Ni mtu wa msikiti.

Jicho_la_Maabara
Samahani, mimi uzi huu siuamini. Mtu mgeni, ujumbe wa kwanza, chupa zimetajwa, miligramu zimetajwa. Kesho itakuja bei na namba ya simu.

Na namba zenyewe hazikai pamoja. Pigeni hesabu ya FIB-4, ya kukadiria makovu ya ini: miaka mara AST, gawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. 47 mara 58 ni 2,726. Kipeuo cha 71 ni 8.43, mara 142 ni kama 1,197. Jibu 2.28. Chini ya 1.3 mtu hutulia, juu ya 2.67 makovu makubwa hushukiwa. Huyu yuko katikati, tena karibu na juu. Mafuta ya daraja la kwanza kwa mtu asiye na sukari wala pombe kwa kawaida hayashushi chembe sahani hadi 142. Ama namba zimetungwa, ama kuna jambo limefichwa. Na jibu la HBsAg, kipimo cha hepataitisi B, liko wapi? Uganda, katika upimaji wa 2016 na 2017, watu wazima 4.3 kati ya 100 walikutwa na hepataitisi B, wanaume 5.6. Chanjo ya watoto wachanga ilianza 2002, kwa hiyo mtu wa miaka 47 haikumfikia. Ini la mtu huyu haliwezi kuzungumzwa bila kipimo hicho.

Sahani_Moja
Ndugu, mtu anayeuza haulizi kama apunguze.

Jicho_la_Maabara
Hakuuliza apunguze. Aliuliza aongeze.

Mto_Enyau
Siuzi kitu. Nilinyamaza kwa sababu ugonjwa huu watu wanautenga, hata vikombe wanatenga. Kaka ana hepataitisi B tangu 2021. Alikuwa anameza tenofoviri miligramu 300 kila siku. Ameiacha wiki saba zilizopita.

Lakini hatukuacha ovyo. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Kidonge cha kila siku kwa miaka mingi kinalichosha ini, na melatonini ni ya mwilini mwenyewe. Tuliona bora ini lipumzike kwanza, mafuta yatoke, kisha arudi. Na chupa zimeshalipiwa.

Dawa_Kwa_Kipimo
Ahsante kwa kusema. Sasa swali la miligramu tuliweke kando, maana jambo kubwa ni hilo.

Virusi havikuonekana kwa sababu dawa ilivizuia kuzaliana. Kiini chake hubaki ndani ya seli za ini miaka mingi. Dawa ikikatwa huamka, na kinga ya mwili inapovishambulia huchoma ini pamoja navyo. Hutokea wiki au miezi baada ya kuacha, na mwenye makovu anaweza kuishiwa ini kabisa. Hesabuni: ameacha wiki saba, amepimwa wiki mbili zilizopita, yaani wiki ya tano. Hiyo ALT 71 mliyoilaumu mafuta inaweza kuwa mwanzo wa virusi kurudi. Mafuta yapo, picha imeyaona, lakini mafuta na virusi vinaweza kuwa katika ini moja.

Tenofoviri hailichoshi ini. Kinachoangaliwa ni figo na mifupa. Melatonini haizuii virusi vya B, hata akimeza chupa nzima.

Jicho_la_Maabara
Basi namba zimeeleweka, na neno langu la kutunga nalirudisha. Kwa mwenye B, WHO hutumia APRI, hesabu nyingine ya makovu: AST gawanya kwa kikomo cha juu cha kawaida cha maabara, tuseme 40, gawanya kwa chembe sahani, mara 100. Yake ni 1.02, na kwa mwongozo wa 2024 juu ya 1 huhesabiwa dalili ya ini kunyauka. Virusi vikiwaka AST hupanda na kuikuza hesabu hii, kwa hiyo si hukumu, ila msingoje wiki ijayo.

Kesho arudi kliniki alikokuwa akichukulia dawa, na kadi yake, majibu haya na chupa zote mbili. Aseme tarehe aliyoacha. Aombe ALT, AST, bilirubini, muda wa damu kuganda, kreatinini kwa ajili ya figo, kiasi cha virusi vya B, na kipimo cha VVU, kwa sababu tenofoviri pekee kwa mwenye VVU huzalisha usugu. Amwulize daktari kama atarudishiwa dawa siku hiyo hiyo. Kiasi cha virusi huchelewa kutoka maabara, dawa isikingoje.

Macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo likijaa, akichanganyikiwa au akitapika damu, aende usiku huo huo.

Mama_Koboko
Na mke na watoto wapimwe. Wasio nayo wachanjwe: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Wembe na mswaki visiazimane. Vikombe na sahani haviambukizi, mle pamoja. Karanga zenye ukungu zitupeni, sumu yake pamoja na B huleta saratani ya ini.

Mto_Enyau
Nimeelewa. Na melatonini tuitupe? Usingizi wake je?

Dawa_Kwa_Kipimo
Aisimamishe hadi majibu yatoke. Kuiacha ghafla hakuna madhara. Asubuhi akitoka zamu avae miwani ya jua hadi nyumbani, dirisha lifunikwe kwa blanketi zito, simu ikae chumba kingine. Kahawa asinywe baada ya saa nane za usiku. Daktari akiruhusu baadaye, aanze na miligramu 1, chakula kikiwa kimeshuka.

Mto_Enyau
Nimempigia, amekubali kwenda akitoka zamu. Anauliza kama aende bila kula.

Jicho_la_Maabara
Ale na anywe maji. Vipimo hivyo havihitaji njaa. Achukue na kile kikopo cha tenofoviri, hata kama ni kitupu, wasome tarehe ya mwisho aliyopewa.