Tupeane uzoefu: Kuondoa gundi na sponji kuukuu ndani ya boti ya faibaglasi

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, salaam. Naomba kila aliyewahi kubandua bitana ya ndani ya boti ya faibaglasi aeleze alichotumia na matokeo aliyoyapata.

Naanza mimi. Bitana yangu ilikuwa ngozi bandia yenye sponji mgongoni, nayo ilikuwa imekwisha kuachia dari. Ngozi yenyewe haikunisumbua, kwani ilitoka kwa kuvutwa kwa mkono; kazi ilikuwa yale yaliyobaki ukutani, yaani sponji iliyogeuka unga unaonata, na chini yake gundi. Wengi hudhani kuwa gundi ndiyo iliyochoka, ilhali mara nyingi gundi bado imeshika barabara na kilichokufa ni sponji ya poliurethani, ambayo unyevu na joto huivunja polepole mpaka ishindwe kubeba uzito wa ngozi. Kwa sababu hiyo kupaka gundi mpya juu ya mabaki hayo ni kazi bure, maana itashika unga, na unga wenyewe haujashika kitu.

Nilikwangua kukavu kwanza, kwa skrepa pana ambayo pembe zake nilizitia tupa ili zisichimbe faibaglasi, huku bomba la mashine ya kufyonza vumbi likiwa karibu na mkono. Sponji yote iliondoka bila tone la kemikali. Iliyobaki ni gundi, na hapo ndipo ninapotaka kusikia maoni yenu.

Fundi Maboti
Umefanya vyema kuanza kukavu, kwa sababu sponji ikilowa thina huwa uji unaosambaa kila mahali. Kwa gundi natumia brashi ya nailoni ya duara kwenye drili, kwa mwendo wa polepole. Brashi ya waya siipendi: hukata nyuzi za faibaglasi na kuacha vipande vya chuma ambavyo baadaye hupata kutu na kutokeza madoa chini ya rangi. Msasa nao hauna maana katika hatua hii, kwa kuwa joto la msuguano huyeyusha gundi na kuuziba mara moja. Vaa nguo za mikono mirefu na miwani. Atakayepuuza atajikuna usiku kucha.

Mkemia wa Bandarini
Niongeze juu ya kemikali, kwa kuwa huko ndiko watu wanakoumia. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 za Selsiasi, hivyo darini hukauka kabla gundi haijalainika. Zailini, thina nyingine inayochemka karibu na nyuzi 140, hukaa muda mrefu zaidi na kuipa gundi nafasi ya kulegea. Ukiwa na asetoni tu, bandika kitambaa kilicholowa, kifunike kwa karatasi ya nailoni kwa dakika chache, kisha kwangua. Usikiache muda mrefu, kwa sababu resini ya poliesta inayoshikanisha nyuzi za faibaglasi inaweza kulainika, na madirisha ya akriliki au polikaboneti yasiguswe kabisa, kwani hupasuka nyufa ndogondogo zisizorekebishika. Viondoa rangi vyenye dikloromethani navikataa moja kwa moja: havichagui kati ya gundi na resini.

Mvuke wa asetoni una uzito wa takriban mara 2 ya hewa, kwa hiyo hushuka na kutuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, mahali palepale penye pampu na swichi zinazoweza kutoa cheche. Kata umeme wa betri, fungua milango yote, na feni isukume hewa safi ndani kutoka nje badala ya mvuke kupitishwa kwenye mota yake. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Inahitajika ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Na kwa kabini finyu, awepo mtu nje anayekuangalia.

Mama Nanga
Mimi niliepuka thina kwa sababu kabini yangu ina tundu moja tu la hewa. Nilitumia mashine ya hewa ya moto kwa kiwango cha chini, nikaisogeza bila kuituliza, na gundi ikatoka kwa vipande vikubwa. Sponji lazima iwe imekwisha kuondolewa, kwa kuwa poliurethani ikiungua hutoa moshi wenye sianidi. Joto na thina visikutane siku moja.

Mwanachama mpya
Kabla ya skrepa, tafuteni nyaya. Nyuma ya bitana yangu zilipita za taa na za redio.

Fundi Maboti
Ni kweli, na tazama pia michirizi ya kahawia ya maji yanayovuja kuzunguka boliti za sitaha, maana bitana huificha kwa miaka. Ziba uvujaji huo sasa, wakati boliti zinafikika.

Swali la usafi uishie wapi linategemea utakachoweka. Ukibandika bitana mpya, gundi kuukuu iliyo nyembamba na ngumu, isiyotoka kwa ukucha, inaweza kubaki, ila jaribu gundi mpya kwenye kipande kidogo kwanza, kwa sababu thina iliyomo huweza kuifufua ile ya chini. Ukipaka rangi, ondoa yote, hata iliyojificha kwenye mashimo ya mfumo wa nyuzi. Pangusa kwa kitambaa safi chenye asetoni, ukikibadilisha mara kwa mara, kisha upitishe msasa namba 80.

Mwanzisha mada
Nashukuru. Nitajaribu zailini kwenye kona iliyo nyuma ya kabati, nikiwa nimekata umeme wa betri, kisha niwaletee matokeo.