Kifaransa nasoma naelewa, wakiongea sisikii kitu. Nifanyeje?

Kalamu_Nyeusi:
Wakuu habari za humu. Kuna jambo linaninyima raha naomba nilitue hapa. Kifaransa nasoma mwaka wa pili sasa, mtihani wa B1, yaani ngazi ya kati, nimefaulu, ukinipa habari ya gazetini naisoma, nitaangalia maneno matano sita kwenye kamusi basi. Ila kwenye kusikiliza ni kama sijawahi kukanyaga darasani. Juzi mfanyakazi mwenzangu mgeni ambaye Kifaransa ndo lugha yake ya utotoni kaniuliza kitu kifupi tu, nikamwomba arudie mara tatu, mwisho akahamia Kiingereza. Baadaye nikamwomba aniandikie ile sentensi kwenye simu, nikakuta kila neno nalijua! Hapo ndo niliumia. Neno nimeliandika daftarini mara mia alafu linanipita sikioni kama geni kabisa. Na kuongea ndo usiseme, naipanga sentensi kwa Kiswahili, naitafsiri, nakagua kitenzi, mpaka niwe tayari watu wako mada nyingine. Kuna aliyepita hapa akatoka? Au kuna watu hawana kipaji cha lugha na mimi nimo? Niambieni ukweli.

Sikio_la_Pili:
Mkuu masikio yako mazima kabisa, ila Kifaransa umekisoma kwa macho. Nilikwama hapo hapo karibu mwaka mzima.

Sisi Kiswahili kimetudekeza, unachoandika ndo unachotamka, silabi karibu zote zinaishia na vokali, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio linajua neno limeishia wapi. Kifaransa mkazo unakuja mwisho wa fungu zima la maneno, herufi za mwisho nyingi zinamezwa, alafu neno la mbele likianza na vokali ile herufi iliyokuwa kimya inafufuka inahamia huko. Les amis, yaani marafiki, unasikia "lezami", na wewe unahangaika kichwani kutafuta neno linaloanza na z. Parle (anaongea) na parlent (wanaongea) jicho linaona tofauti, sikio halipati tofauti yoyote. Na wenyewe wakiwa wanapiga stori je ne sais pas, yaani sijui, hawaitamki yote, inatoka kitu kama "shepa". Hilo neno daftarini kwako halipo!

Alafu kuna sauti ambazo sisi hatuna. Dessus ni juu, dessous ni chini, kwetu zote zinaingia kama "desu". Niliwahi kuambiwa niweke boksi chini ya meza nikaliweka juu. Ile u yao sema "i" kwanza, ulimi usiutoe pale ulipo, viringa midomo kama unapuliza. Nilianza kuisikia kwa wengine baada ya kuweza kuitoa mwenyewe.

Kilichonitoa ni imla. Nachukua sauti ya sekunde 20 au 30 yenye maandishi yake, nasikiliza bila kuchungulia, naandika ninachosikia hata kama hakina maana, narudia mara tano sita ndo nafungua maandishi. Pale nilipokosa nagundua karibu kila kitu ni maneno ninayoyajua yakiwa yamegandana. Kisha nasema pamoja na mwenye sauti, kwa kasi yake yeye, mpaka mdomo uzoee. Robo saa kila siku, usizidishe, inachosha kweli kweli.

Mama_Wawili:
Pole sana ndugu. Hilo la kipaji liondoe kichwani. Mtu aliyefika B1 akiwa na kazi yake si mtu wa kujiuliza kama anaweza.

NjiaNyeupe:
Achana na sarufi kabisa. Mtoto mdogo hafundishwi vitenzi na anaongea. Angalia filamu nyingi, itaingia yenyewe.

Toni_Nne:
NjiaNyeupe hapo sikubaliani na wewe mkuu. Mtoto anaishi ndani ya lugha mchana kutwa kwa miaka, sisi tuna saa moja usiku tukiwa tumechoka. Na filamu yenye maandishi ya chini unaisoma, huisikilizi, macho yanashinda sikio kila siku.

Mimi najifunza Kichina. Kule mǎi ni kununua na mài ni kuuza, kinachotofautisha ni toni tu, yaani sauti inavyopanda na kushuka, kwa hiyo najua uchungu wa kulijua neno na usilisikie. FSI, kile chuo cha Marekani kinachofundisha wanadiplomasia lugha, wanakadiria saa kama 2200 za darasani kwa mzungumzaji wa Kiingereza anayejifunza Kichina, Kijapani au Kiarabu, na Kiswahili chetu wanakipa kama 830. Sasa Kalamu jibu kwa uaminifu, kwa miaka hiyo miwili umesikiliza saa ngapi? Usihesabu za kujaza mazoezi.

Kitoto_Kinalia:
Mimi nagusa hilo la kutafsiri kichwani. Mimi nasoma Kijerumani. Nilipoteza mda mwingi kukariri neno moja moja, mpaka nikaanza kukariri kipande kizima kama kilivyo, "naomba urudie taratibu", "ngoja nifikirie kidogo", "sijui inaitwaje ila ni kile cha kufungulia". Vipande kama 30 hivi vinakuja vyenyewe bila kupita Kiswahili, na vinakununulia sekunde za kupanga kinachofuata.

Ila sarufi nami siiachi, kuna siku inaokoa. Niliteseka sana kwa nini Mädchen, yaani msichana, inachukua das isiyo ya kike wala ya kiume. Kumbe ni ile -chen ya udogo ndo inaamua. Nikakumbuka kwetu mtoto analia lakini kitoto kinalia, udogo umehamisha ngeli! Tangu siku hiyo sijalikosea.

Kalamu_Nyeusi:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Toni_Nne nimepiga hesabu kama ulivyosema, kusikiliza kwenyewe hakufiki saa 40 kwa miaka miwili. Arobaini! Na mimi najilaumu kipaji.

Sikio_la_Pili nimeifanya imla siku nne sasa. Jana nimeandika "yapad" mara tatu nikadhani ni jina la mtu, nafungua maandishi ni il n'y a pas de, yaani hakuna. Kitu nimefundishwa mwezi wa kwanza kabisa! Nimekirudia mpaka nikaanza kukikamata kwenye sauti nyingine ambayo sikuwa nimeisikiliza kabla, nikasimama kabisa kwenye kiti.

Ile sentensi ya mwenzangu bado ninayo kwenye simu. Kesho namwomba anisomee, kwa kasi yake ya kawaida, asinihurumie.