Wakuu, chaneli ya tatu inasoma volti nisizozielewa, naomba msaada wa haraka

Waya_Mwekundu: Heshima kwenu wakuu. Nasimamia umeme wa sola kwenye gesti moja. Betri nne za volti 12, kila moja inalisha sehemu yake, hasi zote zimeungana. Nimefunga Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta, inayosoma volti za betri kwa pini nne, A0 mpaka A3, namba zinamfikia bosi kwenye simu. Kasheshe iko A2, ya betri ya tatu: inacheza kati ya 11.9 na 12.6, na betri ya pili ikishuka usiku, nayo inashuka. Bosi kauliza mbona zinafuatana kama chanda na pete. Jumamosi anakuja. Bodi nimebadilisha, wapi!

Mzee_wa_Mita: Chaja hiyo. Uno inapima kwa kujilinganisha na volti inazolishwa. Ikipata 4.7 badala ya 5, namba zote zinapanda. Mimi nilishamnunulisha mtu betri mpya, kumbe chaja ya buku tatu. Na mtu mwenyewe shemeji yangu, mpaka leo salamu tunapeana msibani tu.

Waya_Mwekundu: Zingepanda zote nne, mzee wangu. Tatu zinalingana na mita.

Kiroboto: Achana na betri za maji, nunua lithiamu.

Dada_Volti: Ukiweka mita juu ya betri ya tatu yenyewe, unapata ngapi?

Waya_Mwekundu: Rezista za kuipunguzia Uno volti ni 30k na 10k, nimelehemu vizuri kabisa.

Dada_Volti: Sijauliza rezista, kaka. Mita inasemaje?

Waya_Mwekundu: Kwa sasa betri ya tatu haipo pale.

Kiroboto: 😂😂 Tulikuwa na watumishi hewa, sasa betri hewa! Na inalipwa volti 12!

Dada_Volti: Na rezista ziko wapi?

Waya_Mwekundu: Nilizilehemu kwenye kibanio cha betri, zikaenda nayo. Waya wa A2 umebaki unaning'inia.

Dada_Volti: Basi jibu unalo. Uno ina kipimo kimoja tu ndani, kinazunguka pini kwa zamu. Kina kikapasita, yaani kitunza chaji, kidogo mno. Kikitoka A1 kimebeba chaji ya A1, kikifika A2 hakikuti kitu cha kuinyonya, kinakusomea ileile ya jirani. Chukua waya mfupi, unganisha A2 na GND, pini ya hasi. Ikisoma sifuri, bodi ni nzima.

Mama_Wawili: Mnamfundisha mwizi! Betri ya mwajiri iko wapi?

Waya_Mwekundu: Nyumbani kwangu, mama. Nimeiazima. Mshahara wa miezi miwili sijaona na watoto wanasomea kibatari. Nitairudisha tarehe 30. Nilikuwa nawaza niandike tu 12.5 kwenye programu mpaka siku hiyo, sioni nani ataumia.

Mama_Wawili: Kuazima ni kwa kuomba, mwanangu. Mpigie umwambie.

Mzee_wa_Mita: Tena 12.5 isiyotikisika usiku na mchana, hata mtoto atashtuka. Betri hai haikai hivyo.

Jicho_Kavu: Chai hii. Fundi anajua kulehemu rezista halafu hajui kwamba pini isiyofungwa inadanganya? Na betri ikiondoka si vyumba vinalala giza? Bosi angejua siku ileile. Tupia picha.

Kiroboto: Sukari imezidi. Nami nasubiri picha.

Waya_Mwekundu: Picha siweki, bosi anaweza kuwa humu. Betri ya tatu ilikuwa ya taa za korido tu, nimezihamishia ya pili. Mnadhani kwa nini ya pili inazama kila saa nane usiku?

Jicho_Kavu: Mh. Hapo umenijibu.

Dada_Volti: GND umejaribu?

Waya_Mwekundu: Sasa hivi. Inasoma 0.00, imetulia tuli. Ahsante dada.

Dada_Volti: Namba zinazoenda kwenye simu ya bosi ulizikata kwanza?

Waya_Mwekundu: Anapiga.